Ndago Zenye Jina Moja

Wakati ule nilikuwa nafundisha biolojia Kasongo, na kila likizo nilikusanya ndago katika mabonde ya Kabambare, zile nyasi za majimaji ambazo wakulima huzilaani na wasuka mikeka huzitafuta. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Wamaza, dada yangu akiendesha pikipiki, wanaume wawili wenye bunduki wakatusimamisha kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani.

Mmoja wao, kijana, akafungua mfuko wangu. Hakukuta dhahabu aliyokuwa akiitafuta. Alikuta magazeti, na ndani yake ndago zilizokauka, kila moja na kikaratasi chenye jina na mahali nilipoing'oa.

"Hii njo karte ya machimbo ya dhahabu," akasema, akimaanisha ramani. "Kila karatasi iko na neno moja. Cyperus, Cyperus. Iko siri gani?"

"Ni jina la ukoo. Hizi zote ni ukoo mumoja."

Akainua ndago fupi yenye kichwa cheupe, halafu ndefu iliyotawanyika kama mwavuli. "Hii na hii ni ndugu? Unaniona mupumbafu?"

Kwenye kikaratasi cha ile fupi nilikuwa nimekata jina la zamani, Kyllinga, na kuandika Cyperus juu yake. Akaweka kidole hapo hapo. "Na hapa ulikata. Mutu anakata sababu anadanganya."

Nikamwambia mimi ni mwalimu, nikamweleza ukweli kama ulivyo: wataalamu walizitenga miaka mingi kama koo mbili, kisha wakachunguza nasaba zake, wakakuta zimetoka nyumba moja, wakafuta jina la zamani. Kila neno lilisikika kama uongo, hata kwangu.

"Shika shina," nikasema mwisho. "Lizungushe na vidole."

Kijana hakutaka. Mwenzake, mtu mzima, akalishika. Akachukua na la pili.

"Yote iko na kona tatu," akasema. "Mama yangu alikuwa anasuka mikeka na hii. Waache, mwalimu huyu."

Sikumwambia kwamba hata ndago nyingi zisizo za ukoo huo zina kona tatu.

Kijana akatuachia mimea, lakini vikaratasi akavichomoa vyote, akavitia mfukoni. Nyumbani nilitandaza ndago mezani, nikashindwa kukumbuka ipi ilitoka bonde lipi. Bila mahali, mmea uliokaushwa haumfai mtaalamu yeyote. Nikazitupa karibu zote.

"Tuko wazima," dada akaniambia, "na wewe unalilia majani?"

Nilikuwa nalia kweli.