Sarafu ya Mgothi Iliyonipeleka Kianjokoma

Soko la Gakoromone, hapa Meru, wananijua kwa saa. Kibanda changu cha kutengeneza saa kiko nyuma ya wauza ndizi, na wapita njia hudhani ninachochungulia kwa lenzi mchana kutwa ni gurudumu la saa. Mara nyingi ni pesa. Si pesa za kununulia sukari. Ni sarafu za shaba za miaka kama elfu moja na mia tano iliyopita, za wafalme wa Wagothi waliotawala Italia na za makaizari wa Konstantinopoli, ndogo kama punje ya mahindi. Mke wangu huziita takataka zangu. Sawa tu, kila mtu na ugonjwa wake.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kianjokoma, kule Embu, anaitwa Mama Wawira, aliyepewa namba yangu na mteja wangu mmoja wa saa. Marehemu mume wake, Nyaga, alisomea kilimo Italia akiwa kijana, akarudi na kopo la sarafu kama hizo. Mama akanitumia picha. Moja, nyeusi tititi kwa utando wa karne zote hizo, ilikuwa na alama niliyoitafuta miaka mingi: jina la mfalme wa Wagothi, herufi zake zimesukwa pamoja kama kiondo.

"Kuja uone," akaniambia. "Ukipenda utachukua. Hapa hakuna mtu anajua ni za nini."

Weh! Usingizi ulinihama.

Jumamosi asubuhi niliwasha pikipiki nyumbani Kinoru, nimevaa makoti mawili. Nkubu ilikuwa na ukungu, na kabla ya kufika Chuka vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaingia hotelini, nikakumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili hadi damu ikarudi. Toka hapo jua likatoka, na mimi nikaanza kuimba ndani ya helmeti.

Runyenjes niliiacha barabara kuu, nikapanda kuelekea mlimani katikati ya kahawa, kisha majani chai. Saa sita hivi nilikuwa Kianjokoma, mbele ya nyumba ya mabati mekundu.

"Karibu fundi, pole na baridi!" Mama Wawira alinipokea kwa mikono yote miwili. Nilitaka kuuliza sarafu papo hapo, lakini nani huongea shughuli kabla ya kula? Nikala nduma, nikanywa chai, nikaongezwa nduma. Mwishowe akaleta sinia iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Akafunua.

Sarafu zote zilikuwa zinang'aa kama sufuria mpya.

"Nimezisugua jana mchana mzima," akasema, ameridhika kabisa. "Majivu, limau, na mchanga kidogo kwa zile ngumu. Mgeni atoke Meru mpaka huku nimpe vitu vichafu? Hapana!"

Ngai! Ule utando mweusi ndio ngozi ya sarafu, na maandishi hukaa humo. Ukiusugua, umechuna uso. Lakini ningemlaumu vipi? Kwetu sufuria isiyong'aa mbele ya mgeni ni aibu. Hata mamangu angefanya vivyo hivyo.

"Kwani hujazipenda?"

Nilijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mama, umenipa heshima kubwa, na nashukuru. Lakini maandishi yalikuwa kwa ule weusi."

Akakaa chini, mkono mdomoni. "Kumbe nimeharibia Nyaga vitu vyake."

Hasira yote ilinitoka, nikabaki na huruma. Niliichukua ile sarafu niliyoifuata, nikasimama nayo mlangoni, nikaiinamisha juani huku na huku. Mara vikatokea vistari vyembamba mno. Vilikuwa vimebaki!

"Mama, njoo. Fumba jicho moja. Lenzi yangu hii ikaribie jicho, halafu uizungushe sarafu polepole."

Alizungusha, akazungusha. "Naona kama kamti... hapana, ni herufi! Zimeshikana!" Akashusha lenzi. "Nyaga alikuwa anakaa hapa mlangoni na hizi vitu. Nilikuwa namwambia anapoteza mchana." Akacheka huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Chai ilipoa akiwa bado anatazama. Kisha akanisogezea sinia.

"Chukua zote, fundi. Lakini hii," akafunga ngumi, "hii siwezi."

"Mama, si ndiyo iliyonitoa Meru!"

"Pole sana," akasema, na safari hii alicheka kwa raha. "Ungenyamaza, ningekupa."

Jioni nilirudi njia ileile, mfukoni sarafu zenye vipara, mgongoni mfuko wa nduma, na nyimbo zangu zilikuwa nyingi kuliko za asubuhi. Safari hii imenifunza kwamba ukimwonyesha mtu uzuri wa kitu chake, ujiandae kurudi kwako bila hicho kitu. Ningeweza kunyamaza. Nafurahi sikunyamaza.