Propela ya Kubeba Watu Wote

Jirani yangu wa Kitengela alifariki muhula uliopita wa shule. Habari nilizipata dukani, kwa mama aliyenifungia mkate kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule mzee wa boti ametuacha. Ni moyo." Hakuhitaji kutaja jina, nami sitalitaja hapa. Katika mtaa ambao wakati wa kiangazi hata maji ya kuoga huletwa na punda, mwenye boti alikuwa mmoja tu.

Aliinunua mwishoni mwa miaka ya tisini kutoka kwa meneja wa shamba la maua aliyekuwa akirudi kwao, akaiegesha juu ya trela, kati ya zizi la mbuzi na tangi la maji. Siku hizo Kitengela ilikuwa bado na punda milia wengi kuliko ploti. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake alisimama, akaizunguka boti, akasalimu kwa Kimaasai, kisha akauliza kwa huruma, "Sopa. Sasa hii yako inakunywa maji wapi?" "Naivasha," akajibu jirani yangu. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo ni mbali. Itakonda."

Kila alipopata Jumamosi ya bure aliivuta kwa pikapu yake hadi Naivasha, na kwa kawaida alikwenda peke yake. Boti ilikuwa ikipaa, yaani ikipanda juu ya maji na kuteleza, naye akirudi akinukia petroli na furaha. Lakini alichotaka hasa ni kumpeleka mkewe, mama aliyezaliwa Ukambani penye mito ya mchanga, na ambaye hakuyaamini maji yanayozidi ndoo. Mama alikuwa na sharti moja: "Siendi bila watoto, na watoto hawaendi bila mimi." Siku walipopanda wote, pua ya boti ilielekea mbinguni, nyuma ikadidimia, injini ikawa inaguna bila kwenda popote. "Baba Watoto, turudishe," mama akasema. Akawarudisha. Mama alishuka, akakamua leso yake, akaenda kukaa ndani ya gari. Hilo lilimuumiza mume.

Kosa lilikuwa la propela. Kila propela ina pichi yake, yaani umbali ambao ingesonga ikizunguka mara moja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Ile ya meneja, mtu asiye na familia, ilikuwa na pichi kubwa ya mbio, na hewa nyepesi ya huku nyanda za juu ilikuwa imeshaipunguzia injini nguvu. "Profesa," jirani yangu aliniambia tukiwa kwenye ua, akiniita cheo ambacho chuo kimekataa kunipa hadi leo, "pichi ni gia. Mimi niko na gia ya nne. Nikipakia familia, ni lori la mchanga linapanda kilima na gia ya nne." Nikamwambia, "Si upunguze abiria?" Akanitazama. "Nipunguze nani?"

Akaanza kutafuta propela za pichi ndogo, moja baada ya nyingine. Kipimo chake kilikuwa kimoja: boti ikiwa na mzigo wote na mafuta yakiwa yamefunguliwa kabisa, mshale wa geji ya mizunguko ya injini ufike pale mtengenezaji aliposema, usibaki chini kana kwamba mzigo umezidi, wala usipite kana kwamba umepungua. Kwa kuwa mkewe hakutaka kujaribiwa tena, watoto wakubwa waliwakilishwa na magunia ya mchanga, na mimi nikaalikwa. Miaka yote niliyofundisha, hakuna aliyewahi kunitafuta kwa uzito wa hoja zangu. Yeye alinitafuta kwa kilo zangu. "Wewe ni mama na kitinda mimba," akaniambia, akinionyesha kiti. Propela ya mwisho ilipofungwa, boti ilijikaza, ikapanda juu ya maji, ikateleza. Tulikuwa tunakwenda polepole kuliko zamani. Hakushangilia. Alizima injini, akasema, "Leo nitamwambia."

Mama alikubali. Wangekwenda shule zikifungwa. Kabla hazijafungwa tulimzika shambani kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado.

Wiki iliyopita mjane alinipigia. "Shemeji, tunaenda Naivasha. Njoo tu uwe ufukweni, sitaki tuwe peke yetu." Binti mkubwa, aliyefundishwa na babake, ndiye aliyeendesha. Nilisimama nikiwatazama. Boti ilipanda juu ya maji kama ilivyotakiwa, halafu injini ikapiga kelele kali kuliko nilivyoizoea, binti akaipunguzia mafuta haraka. Waliporudi, mama aliuliza, "Imeharibika?"

"Hapana, mama," binti akasema. "Mshale ulipita laini nyekundu. Boti ni nyepesi. Baba aliipima na yeye akiwa ndani."

Mama aliweka mkono juu ya kiti cha nahodha, alichokuwa akikikalia mumewe, na hakuna aliyemharakisha.

Kizazi chetu kilijifunza kukimbia. Tulizungushia ploti ukuta, tukajenga vyumba ambavyo wageni hawalali, na mwendo wetu tuliupima tukiwa peke yetu, mahali ambapo kila boti hupaa. Jirani yangu alikubali kupunguza mbio zake ili asimpunguze mtu. Msomaji, ukichagua chochote cha kukusukuma maishani, kichague kwa uzito wa watu unaotaka kufika nao. Na ukishakipata, wapakie siku hiyo hiyo. Usingoje shule zifungwe.