Mashine ya CD tano ya Papa

Leo nilitaka kutupa mashine ya Papa. Musinitukane kwanza!

Ni ile ya bei nafuu inayobeba CD tano, tuliinunua Mabanga. Sauti yake ni nzuri, hapo sina neno. Lakini courant ya umeme ikikatika, inasahau ilifika wapi. Courant ikirudi, inaanza tena na CD ya kwanza.

Wenye kuwa nayo, yenu pia inafanya hivi?

Nikamwambia: "Papa, nitakuletea ingine."

Akaniuliza polepole: "Kwenye CD ya kwanza, nani anaimba?"



Ni korali ya parokia yetu. Marehemu mama ndiye anaanzisha wimbo.

Saa hii courant imekatika. Katoyi yote, mtaa wetu, inalalamika.

Muzee amesogeza kiti karibu na mashine, anangoja courant irudi.