Herufi Tatu Chini ya Bati

Gidamis alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na kitu, kwenye darasa la wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa. Alisoma herufi moja moja, kidole juu ya neno. Tangu hapo hakupita mbele ya maandishi bila kuyasoma yote, hata yaliyo kwenye gunia la chumvi. Watu walimcheka. Mimi, jirani yake hapa Getanuwas, sikumcheka, maana shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne.

Mwaka mmoja wa ukame, enzi hizi za Mwingereza, lambo letu lilikauka likabaki dimbwi. Karani wa baraza, Nikolausi, akasimamisha ubao upande wanakochota watu, akauandika kwa mkono wake: MSINYWESHE NG'OMBE HAPA. Gidamis hakuuona, kwa sababu alikuwa amehamisha mifugo mbali kutafuta malisho.

Kabla hajarudi, lori la wauza chai likapita. Mtu wao akapigilia bati la tangazo kwenye ubao ule, mwisho wa kushoto. Bati liliandikwa CHAI TAMU, nalo likameza herufi tatu za kwanza. Gidamis akafika na ng'ombe wenye kiu, akaweka kidole: CHAI TAMU NYWESHE NG'OMBE HAPA. Aliniambia baadaye kwamba ile chai ilimshangaza kidogo, lakini mambo ya serikali humshangaza siku zote. Akashusha ng'ombe majini.

Tarishi wa baraza alimkuta hapo hapo. Akamchukulia dume lake, jeusi lenye paji jeupe, aliloachiwa na marehemu baba yake, likafungwa nyuma ya baraza mpaka shauri lisikilizwe. Hakuwa na dume jingine.

Siku ya shauri watu walijaa. Nikolausi ni mdogo hata kwa kitinda mimba wa kwao Gidamis, lakini hakumpa shikamoo. Alisoma shtaka, kisha akamuuliza ng'ombe wake walitaka vijiko vingapi vya sukari. Mtu wa nyuma akadakia kwamba maziwa walijitilia wenyewe. Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza.

Gidamis alisubiri wamalize, akaeleza alichosoma. Nikolausi akamjibu kwamba huo ni ujinga wa Kiswahili. Amri ingekuwa "nywesha", si "nyweshe", na mtu anayejua lugha kama watu wa pwani angetambua kuna kitu kimefichwa.

"Bwana karani," Gidamis alisema, "ubao ule ulimwandikia nani? Mtu wa pwani ana ng'ombe wangapi hapa?"

Safari hii watu walimcheka karani.

Gidamis akaomba ubao uletwe. Ulipoletwa alilikamata bati kwa mikono mitupu akaling'oa. Likamkata kiganja. Herufi zikatokea, M, S, I, nyeupe kama siku zilipopakwa rangi.

"Hii ndiyo sheria yenu," akasema. "Nani aliifunika?"

Hakimu akamtazama karani. Karani akasema hajui, wauza chai ni wapita njia tu.

Hilo ndilo linalonikasirisha hadi leo. Siku lori lilipokuja, mimi nilikuwa pale lamboni. Nilimwona Nikolausi ameshika misumari, akimpa yule mtu wa lori msumari mmoja mmoja, na kazi ilipokwisha pakiti mbili za chai ziliingia mfukoni mwa koti lake. Pale barazani nilikaa safu ya tatu. Nikainuka nusu. Nikolausi akaniona, akaniuliza kama na mimi nataka kikombe. Watu wakacheka, nikaketi.

Hakimu akasema sheria haifi kwa kufunikwa. Dume likapelekwa mnadani.

Sasa Gidamis hapiti kwenye tangazo, liwe la zahanati au la kanisani, bila kuinua kona yake na kuchungulia chini. Watu husema anatafuta "msi" wake. Nikolausi bado anakaa kwenye meza ile ile, na koti ni lile lile.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Gidamis nikamwambia nilichokiona. Aliusugua mkono wenye kovu. Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa haki yake.

"Unajua kuandika?" akaniuliza.

Nikasema najua.

"Basi andika. Na usipigilie kitu juu yake."