Setiot ya Mteremko wa Mtoni

Nilipokuwa mtoto, karibu na Silibwet, kulikuwa na mmea niliouogopa kuliko nyoka. Ulijaa kwenye mteremko wetu wa mtoni, na sisi Wakipsigis tunauita setiot. Hukaa miaka mingi bila ua hata moja, kisha huchanua wote kwa pamoja na kufa. Kogo, nyanya yangu, alituambia sote nyumbani, baba pia, kwamba anayeukata kabla haujachanua hataishi kuyaona maua yake tena.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, baba alileta miche ya chai akaanza kufyeka mteremko ule. Alikuwa amefika nusu Kogo alipotokea, mimi nyuma yake.

"Kibet! Weka panga chini. Inachanua mwaka huu."

"Mama, haya ni majani tu. Hata ng'ombe hawali."

"Kumbe siku hizi ng'ombe ndio wanakufundisha?"

Baba alicheka, lakini panga aliliteremsha. Kogo akanivuta karibu, akanionyesha shina lenye pembe nne, majani yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, na vichipukizi vya nchani vilivyonata vidoleni. Huko kunata ndiyo dalili kwamba inakaribia kuchanua, alisema. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nikimtazama baba, nikijiuliza atakufa lini.

Halafu ikachanua. Nilisikia kabla ya kuona: nyuki, sauti moja nzito, kana kwamba mteremko wenyewe unapumua. Nusu iliyobaki ilikuwa nyeupe yenye zambarau hafifu, na ndani ya kila ua mlikuwa na manjano. Baba alivua kofia kama anavyofanya kanisani. Miche ya chai akampa jirani.

Baada ya hapo mmea wote ulikauka, mbegu zikabaki udongoni zikianza upya. Kwa miaka mingi, baba akikohoa tu, mimi nilikosa usingizi.

Ilipochanua tena nilikuwa chuo kikuu. Baba alinipigia simu: "Njoo haraka, haitakungoja." Nilimkuta amesimama katikati ya maua, mzima kabisa, mteremko wote ameuzungushia seng'enge. Kogo tulikuwa tumeshamzika.

Aliyekata aliona, aliyelinda hakuona. Nimelifikiria sana jambo hilo. Sidhani Kogo alijua nani angekufa. Alitafuta neno zito la kutosha kuteremsha panga, na hakuwa na zito kuliko uhai wa mwanawe.