Nilimchora mwanangu, jirani akaiona sura ya mwalimu

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mhariri amekubali kulificha jina langu, nami namshukuru, maana kwetu Karagwe tunajuana na gazeti moja hupita mikono mingi. Nina miaka ishirini na saba, nina mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili. Nasomea diploma ya uchoraji katika chuo kimoja huko Uganda, na huu ni mwaka wangu wa mwisho.

Mke wangu hajui kusoma. Tangu niondoke, barua zake huandikiwa na mwalimu wa shule ya misheni, kijana wa Muleba anayekaa jirani na kibanja chetu cha migomba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba. Ni rafiki yangu, hajaoa, ana mwandiko mzuri. Barua zilifika na habari za kahawa, za migomba iliyoangushwa na upepo, za mtoto kuota meno. Sikuwahi kuwaza lolote.

Likizo hii tumeagizwa turudi na picha za sura za watu wa nyumbani. Mkufunzi wetu hutuambia kila siku, "Chora unachokiona, usichore unachokijua." Basi nikaketi uani, nikamchora mwanangu kwa mkaa akila ndizi. Sijawahi kuchora picha nzuri kama ile. Akapita jirani yetu, bibi mmoja mjane. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akaitikia, akaiinamia karatasi, akacheka. "Lo, mwalimu huyu! Umempata kabisa, ila mbona umemfanya mdogo?"

Alisema bila hila, akaenda zake kuteka maji. Mimi nikauweka mkaa chini.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani, nikamchora mwalimu kwenye kijitabu wakati wa mahubiri. Masikio yametokeza kama ya mwanangu. Kidevu kina kishimo kile kile. Tangu hapo sina amani. Nimehesabu miezi tangu likizo yangu ya mwaka ule hadi mtoto alipozaliwa; inatosha, lakini kwa shida. Mke wangu akimwamkia mwalimu huangalia chini, nami najiuliza, ni heshima au ni aibu? Mwalimu alituletea senene, nikakataa kula. Nikazitoa barua zote sandukuni nikazisoma upya. Kila penye "mume wangu mpenzi" niliwaza: maneno haya ni ya nani, ya mke wangu au ya mwandishi wake? Nao walikuwa wameketi wapi yalipoandikwa?

Wiki iliyopita mke wangu alizikuta zile picha mbili nimezilaza mezani pamoja. Hajui kusoma, lakini hizo alizisoma mara moja.

"Ndiyo kazi uliyokwenda kujifunza?"

"Nataka uniambie tu."

"Nikuambie nini? Wewe sema. Litamke nilisikie."

Nikashindwa. Akasema taratibu, "Nilipokuwa najifungua nilikuwa nusu mfu, naita jina lako. Huyo unayemchora ndiye aliyekimbia kumwita mkunga."

Badala ya kushukuru, moyoni niliuliza: kwa nini awe yeye?

Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni aende kwao Kiruruma. Mtoto akaninyooshea mikono, kama azoeavyo, nimchukue. Sikumpokea. Nilikuwa nayatazama masikio yake.

Mama yangu anasema sura ile ni ya babu yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Babu hakuacha picha. Sijui mama anasema kweli au ananituliza.

Sasa baba mkwe ameleta ujumbe: "Njoo Jumamosi na mzee mmoja wa kwenu. Lile ulilolinyamazia nyumbani kwako, liseme hapa mbele ya watu. Kama huna neno, mchukue mkeo." Chuo kinafunguliwa wiki inayofuata.

Nikisema, nitakuwa nimemkana mwanangu mbele ya koo mbili, na hata nikigundua baadaye kuwa nilikosea, hakuna atakayelisahau. Nikinyamaza, nitamrudisha mke wangu, nitaondoka tena, na yeye atahitaji mtu wa kumwandikia barua. Mwalimu naye bado ananisalimia kwa furaha, kana kwamba hajui lolote, au anajua yote.

Ndugu zangu, mnaojua ndoa kuliko mimi, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Niende Kiruruma kuuliza, au niende kuomba radhi?