Mjakaranda wa Marieta

Pale Nangwa mti hupandwa kwa kazi: wa kuni, wa nguzo, wa kivuli cha ng'ombe. Marieta alipanda mjakaranda mbele ya nyumba yake kwa ajili ya maua tu, na majirani hawakuchoka kumwuliza kama maua hayo huliwa na ugali. Yeye alikuwa anasubiri asubuhi moja tu, afungue mlango akute uwanja umekuwa wa zambarau.

Mti ulinenepa, ukapita paa. Ua, halikutoka hata moja.

"Mama Renatus," mumewe Akonaay alimwambia, "mimi natafuta nguzo za zizi. Mvua za vuli zikianza haujachanua, naukata."

Marieta akazidisha mbolea. Kila alipofagia zizi, karai la kwanza lilikwenda kwa mjakaranda, mahindi baadaye. Ndivyo alivyolelewa: mwenye ng'ombe haachi mti wake na njaa.

Kisha Yasmini, binti wa duka moja la Katesh, akaja kununua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Yasmini aliyatazama majani yale mazito, akacheka. "Wetu umesimama kwenye kokoto nyuma ya duka, hakuna anayeukumbuka, na kila mwaka unachanua. Huu wako umeshiba mno, mama. Unanenepa tu."

"Kwa hiyo niunyime?"

"Unyime."

Ilimwuma. Akawa anapita na karai lake akitazama pembeni, kama mtu aliyemnyima mgeni chakula.

Kiangazi kilipokaza, mti ukapukutisha majani yote. Akonaay akaanza kunoa shoka.

"Umekufa huo."

"Umelala," alisema Marieta, ingawa hakuwa na hakika. "Na mvua bado. Wewe mwenyewe ulisema mvua."

Akonaay akaliegemeza shoka ukutani. Upepo wa mlimani uliendelea kuyatikisa matawi matupu.

Siku chache kabla ya mvua, lilichanua tawi moja tu, nalo lilikuwa limeinamia upande wa jirani, Paskalina. Ilibidi Marieta azunguke uzio aende kuyaona maua yake kwa watu.

"Karibu utazame mti wangu," Paskalina alimtania, akimsogezea kigoda.

Akonaay akawafuata, shoka begani. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Basi nitakata mikaratusi ya bondeni," alisema, akageuka kuelekea huko.

Marieta alikuwa bado anatazama juu.